Lala Mji Mkongwe Walau Usiku Mmoja

Wasikilizaji, tangazo la bima ya wageni mlilisikia. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, wageni wa ng'ambo wanaoingia Zanzibar walitakiwa kukata bima ya dola 44 kwa Shirika la Bima la Zanzibar, ya kuwalinda kwa siku 92. Wenye hoteli walisema yao, waongoza watalii walisema yao, na mitandaoni watu walibishana mpaka usiku wa manane. Sisi leo hatuingii kwenye ubishi wa dola 44. Mgeni wa ng'ambo amefikiriwa, akiugua au akipotelewa na begi ana pa kukimbilia.

Tunamwazia mgeni wa pili. Tunamwazia Mtanzania wa Dar es Salaam, wa Morogoro, wa Dodoma, anayevuka bahari kwa mapumziko mafupi ya mwisho wa wiki. Tangazo hili halimgusi, na ni sawa lisimguse, maana yuko kwao. Lakini nani amemwelekeza? Nani amemwambia aanzie wapi, alale wapi, aulize nini? Hakuna. Ameachiwa bahari na boti, basi.

Na kwa kuwa hakuna aliyemwelekeza, anafanya kile ambacho redio hii imekilalamikia mara nyingi na leo tunakilalamikia tena: asubuhi kuja, alasiri kurudi. Anapanda boti ya asubuhi, anakaa baharini kwa saa mbili hivi, anashuka bandari ya Malindi na njaa, papasi, wale madalali wa wageni, wanamdaka kabla hajavuka geti. Anapelekwa kisiwa cha Changuu kuangalia kobe, anarudishwa, anapiga picha mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, ananunua pakiti ya viungo, anakimbilia boti ya alasiri. Jumatatu kazini anasema ameiona Zanzibar. Ameona bandari, ndugu zangu. Asubuhi kuja, alasiri kurudi, mtu ameona bandari.

Mji Mkongwe wa Zanzibar una saa zake. Adhuhuri jua ni kali, maduka mengi ya ndani yanafungwa, watu wamejipumzisha, na mgeni wa siku moja ndiyo kwanza anazunguka kwenye vichochoro vilivyolala. Mji unaamka baada ya sala ya alasiri. Wazee wanatoka kukaa barazani, kahawa inamiminwa pale Jaws Corner, karata na domino zinapigwa. Jua likishazama, wapishi wa bustani ya Forodhani wanawasha taa na majiko. Na usiku, ulizia kama pana mazoezi ya taarabu, maana klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, bado iko pale pale Malindi. Wakati huo mgeni wetu yuko katikati ya bahari, anarudi. Kila kilicho kizuri kinaanza yeye akishaondoka! Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: lala. Usiku mmoja unatosha kukubadilishia safari yote. Nyumba za wageni za bei ya wastani zipo ndani ya mji wenyewe. Uliza bei kwa shilingi, na uliza kabla ya kuvuka.

Chagua na msimu. Masika, Machi mpaka Mei, mvua inaweza kukufungia ndani siku nzima. Upepo wa kusi ukikaza, bahari inachafuka, mwenye tumbo jepesi ajiandae. Mwezi wa Ramadhani usiogope kwenda, ila ujue kwamba mchana migahawa mingi imefungwa na kula hadharani ni kukosa adabu. Subiri magharibi ufuturu na wenyeji.

Tiketi ya boti kata dirishani, usimpe pesa mtu aliyekukuta njiani. Beba kitambulisho, maana ndicho kinachokupa bei ya mwananchi kwenye boti na kwenye majumba ya makumbusho. Viatu viwe vya kutembelea, kwa sababu gari haliingii vichochoroni na mji wote unaonwa kwa miguu. Mabega na magoti yafunikwe, tena hili tunalisema kwa wanaume pia. Dada zetu, tieni kanga moja kwenye begi, haina uzito. Mwongozaji mchukue mwenye kitambulisho cha kazi, na mkubaliane malipo kabla ya hatua ya kwanza. Forodhani vivyo hivyo, bei kwanza, mshikaki baadaye. Na usimpige mtu picha kabla hujamsalimu na kumwomba. Hawa ni watu walio nyumbani kwao.

Sasa twende mtaa wa Mkunazini. Hapa tunaomba msikilizaji asipite haraka. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alipobanwa na Waingereza akatia saini mkataba. Mwaka huo huo Wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa juu ya uwanja wa soko, chini ya Edward Steere, yule yule aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Ndani kuna msalaba uliochongwa kutoka kwenye mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari Livingstone, kule Zambia ya leo. Nje kuna shimo, na ndani ya shimo sanamu za watu watano wamevishwa minyororo shingoni. Wengi wa waliouzwa pale walitoka bara, wakishuka kutoka ziwa Nyasa, wakishuka kutoka ziwa Tanganyika, wakitembea miezi. Mtu wa Kigoma na mtu wa Ruvuma akisimama mbele ya shimo lile anawatazama jamaa zake. Je, hilo ni jambo la dakika kumi kwa sababu boti inaondoka? Mwanafunzi wa safari ya shule anafika pale amechoka, mwalimu anaangalia saa, mwongozaji anakatiza maneno. Asubuhi kuja, alasiri kurudi, hata mbele ya minyororo ile!

Kuna na nyumba zenyewe. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na wageni wengi wanaishia kupiga picha milango ya nakshi. Muulize mwongozaji akuoneshe kuta. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni virefu na vyembamba. Chokaa inahitaji kupumua na kupakwa upya mara kwa mara. Ukiiziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani na ukuta unaoza kimyakimya. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati mafundi wako kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Jumba lililowahi kuhimili mizinga ya Waingereza mwaka 1896! Mgeni aliyelielewa hilo haegemei ukuta ovyo, hakwangui jina lake mlangoni, na akiombwa kiingilio halalamiki.

Na tuje kwenye pesa, kwa sababu ndiko lawama yetu inakorudi kila mara. Anayekuja asubuhi na kurudi alasiri analipa boti, analipa chombo cha Changuu, analipa papasi. Mama anayekaanga mandazi alfajiri kule mtaa wa Kiponda hampati. Muuza kahawa hampati. Nyumba ya wageni ya vyumba vitano haimpati. Mwongozaji aliyesomea kazi yake na kulipia leseni anaambiwa afupishe. Halafu tunasikia wenyeji wanalalamika kwamba utalii hauwafikii, nasi tunashangaa. Utawafikiaje, ikiwa hata ndugu zao wa bara hawalali kwao usiku mmoja?

Tunawaomba Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar na wenzao wa bara: mmeweza kumtangazia mgeni wa ng'ambo kwa lugha zake, mtangazieni na mwananchi kwa Kiswahili. Wekeni karatasi moja kwenye madirisha ya tiketi Dar es Salaam, yenye ramani, bei za mwananchi, na namna ya kumtambua mwongozaji halali. Karatasi moja tu!

Na nyinyi walimu wakuu, msiwapeleke watoto Mkunazini kwa mbio. Ombeni mabweni ya shule za huko wakati wa likizo, watoto walale, waamke, watembee asubuhi kabla ya jua. Nyinyi wa maofisini mnaochangishana kwa safari ya mwisho wa mwaka, punguzeni fulana za sare, pesa hiyo ilipe vyumba. Nyinyi wenye familia, ondokeni Ijumaa, rudini Jumapili. Tafuteni nyumba ya wageni vichochoroni, kuleni anapokula mwenyeji, ingieni Ngome Kongwe, ingieni Darajani sokoni, kaeni barazani, salimieni wazee, ulizeni! Wikiendi hii boti zipo. Nendeni, na mlale huko.