Risasi Isiyoonekana Kisimani
Metali nzito, yaani madini kama risasi, zebaki na kadimi ambayo hudhuru mwili hata yakiwa kidogo, hupenya ardhini pale maji yanapopita kwenye taka, na hatari ya uvujaji huo ilidhihirika mkoani Mara mwaka 2009, maji yenye asidi kutoka mgodi wa North Mara, Tarime, yalipoingia Mto Tigithe. Katika kijiji cha Nyegina, mkoani humo humo, nako, betri ya gari iliyopasuka ikitupwa shimoni karibu na kisima, risasi yake yaweza kufika majini bila kubadili rangi wala ladha. Jambo linalosahaulika mno ni kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi risasi. Kadiri maji yanavyopungua sufuriani, ndivyo risasi inavyozidi kukolea, nayo hudumaza ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni.