WAJIBU WA HALMASHAURI KATIKA ELIMU YA SAYANSI

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mmeacha shughuli zenu, na wengine mmetoka mbali, ili kuhudhuria mkutano huu. Nasi twaona ni haki yenu kuambiwa mambo waziwazi. Katika shughuli za leo kuna mambo mawili yahusuyo Mfuko wa Sayansi wa chama chetu. La kwanza ni kuchagua wadhamini wapya wa Mfuko huo. La pili ni shauri lililoletwa na baadhi ya wanachama, kwamba hati ya kiwanja chetu iwekwe rehani katika benki, tupate mkopo wa kujenga Jumba la Sayansi kwa ajili ya vijana. Kabla hamjainua mikono kupiga kura, twaomba mtusikilize kidogo juu ya wajibu wa watu wanaokalia viti vya uongozi katika kazi ya namna hii.

Haja yenyewe haina ubishi. Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na moja katika njia tatu walizowekewa ni ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mtoto hawezi kuishika njia hiyo kwa kusimuliwa tu. Yampasa aone, aguse, apime, akosee, kisha apime tena. Lakini ukubwa wa haja hautupi ruhusa ya kutenda bila kufikiri, na jambo hili tumejifunza kwa aibu yetu wenyewe.

Wengi wenu mwakumbuka kwamba katika mwaka wa kwanza wa Mfuko tulinunua hadubini nne na kompyuta sita. Tulizipeleka shuleni kwa shangwe, tukapigwa picha, tukarudi majumbani tumeridhika. Katika mkutano uliofuata tulisoma taarifa ndefu yenye bei ya kila kitu, na stakabadhi zote zilikuwapo. Ndipo alipoinuka mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, ambaye mwenyewe hakubahatika kuketi darasani, akauliza: "Ni watoto wangapi waliokwisha kutazama ndani ya vyombo hivyo?" Hapana aliyeweza kumjibu. Tulipokwenda kuangalia tulikuta masanduku yamo kabatini, na mengine hayajafunguliwa. Kosa halikuwa la walimu, lilikuwa letu. Katika kumbukumbu za mikutano tulikuwa tumeandika nani atanunua, nani atachukua na nani atalipa. Lakini hatukuandika nani atafundisha, siku gani, wala nani atakwenda kutazama kama kazi inafanyika.

Tangu siku ile tumejitahidi kusoma habari za wale waliotutangulia katika kazi hii. Mfano mmoja umetufaa kuliko mingine, nao ni ule wa Royal Institution ya London, nyumba ya elimu ya sayansi yenye umri wa zaidi ya miaka 200, ambayo imepata fahari kubwa na pia imeonja shida. Twaomba ruhusa kuwasimulia kwa ufupi, kwani ndani yake mna jibu la mambo yetu mawili ya leo.

Tarehe 7 Machi 1799 watu kadhaa walikutana nyumbani kwa Sir Joseph Banks, wakakubaliana kuanzisha nyumba ya kuwafundisha watu sayansi na matumizi yake katika maisha ya kila siku. Watu 58 waliahidi kutoa, kila mmoja, gini 50 au zaidi. Halmashauri ikawekwa kuendesha mambo, na mwaka 1801 ikamwajiri kijana mmoja wa miaka 22, jina lake Humphry Davy. Mihadhara yake ilivuta watu wengi sana, na sifa ya nyumba ile ikaenea.

Sasa sikilizeni jambo la pili walilolitenda. Palikuwa na kijana mwingine, Michael Faraday, mwana wa mhunzi, aliyekuwa mwanagenzi katika kazi ya kujalidi vitabu. Hakusoma shule ya juu. Mwaka 1812 alipata tiketi za kuingia katika mihadhara ya Davy, akayaandika yote aliyoyasikia, akayajalidi kwa mikono yake, akampelekea Davy. Tarehe 1 Machi 1813 halmashauri ilikutana, na kwa ushauri wa Davy ikaazimia kumwajiri kijana huyo awe msaidizi katika maabara, kwa mshahara wa shilingi 25 kwa juma na vyumba viwili vya kukaa juu kabisa ya nyumba. Ni azimio fupi la siku moja. Lakini tarehe 29 Agosti 1831, katika maabara ya nyumba ile ile, Faraday alivumbua jinsi sumaku iwezavyo kuzaa nguvu za umeme katika waya. Juu ya msingi huo zimejengwa mashine zote za kufua umeme zinazozungushwa, zikiwamo zile zizungushwazo na maji ya mto Tana kule Masinga na Kiambere, na zile zizungushwazo na mvuke wa Olkaria. Taa iliyotuangazia tulipoandika hotuba hii ina deni kwa uamuzi wa watu wale walioketi mezani siku ile.

Wala hawakuwasahau watoto. Mwaka 1825 walianzisha mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana, na tangu hapo imeendelea kila mwaka, isipokuwa kati ya 1939 na 1942 kwa sababu ya vita. Faraday mwenyewe alitoa mihadhara hiyo mara nyingi, na mara mbili alichukua mshumaa wa kawaida, akautumia kuwafundisha watoto sayansi ya moto na hewa. Mshumaa, wazee wetu. Kitu kisichokosekana katika duka lolote la kijijini kwetu.

Hiyo ndiyo fahari. Na shida ni hii. Mwaka 2008 nyumba ile ilifunguliwa upya baada ya kutengenezwa na kupambwa kwa gharama ya paundi zipatazo 22,000,000. Ilipendeza. Lakini fedha zikawa haba na deni likabaki. Januari 2010 cheo cha Mkurugenzi kilifutwa, na ugomvi ukazuka. Aprili ya mwaka huo huo wanachama waliitwa katika mkutano maalumu, ikatolewa hoja ya kuiondoa halmashauri nzima, wakapiga kura, na hoja ikaanguka. Deni, hata hivyo, halikuondoka kwa kura. Januari 2013 ilijulikana kwamba huenda nyumba yenyewe ikauzwa, nyumba ile ile alimofanyia kazi Faraday. Iliokoka Machi 2013, mfadhili asiyetaka jina lake litajwe alipotoa paundi 4,400,000, na deni la benki likalipwa.

Hatukusimulia haya ili kuwacheka wenzetu. Mtu aliyeacha masanduku kabatini hana ulimi wa kumcheka mwingine. Twataka tu tulinganishe mambo mawili: shilingi 25 kwa juma zilizomfuata mtu, na mamilioni yaliyofuata ukuta. Nyumba ni kitu cha lazima, kwani hata Faraday alihitaji paa na meza. Lakini nyumba yaifuata kazi. Kazi ikianza kuitumikia nyumba, hatari imeingia. Tena tukumbuke kwamba wao walimpata mfadhili saa ya mwisho. Sisi tukishindwa kulipa benki, ni nani atakayekuja kutukombolea kiwanja?

Katika habari hizo tumechota mafunzo manne juu ya viongozi wa kazi kama hii.

Kwanza, kazi kubwa ya halmashauri ni kuchagua watu. Si lazima kila mdhamini awe mjuzi wa sayansi. Lazima aweze kumtambua mwenye bidii hata akiwa amevaa nguo za kazi, na awe tayari kumsikiliza mjuzi aliye karibu naye, kama walivyomsikiliza Davy. Wazee wetu mmewajua watoto wa majirani zenu tangu wakitambaa. Mwamjua nani hufungua redio mbovu ili aone kilichomo ndani. Ujuzi huo ni mali katika halmashauri.

Pili, hesabu za kujenga zitengwe na hesabu za kuendesha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata mali yenye daftari yaweza kupotea, ikiwa daftari linaonyesha gharama za kujenga bila kuonyesha gharama za mwaka wa pili na wa tatu. Jumba likiisha kujengwa litahitaji umeme, mlinzi, vifaa vinavyoisha na mwalimu anayelipwa. Tulipouliza fedha hizo zitatoka wapi, hatukupata jibu.

Tatu, mdhamini na aulize, wala asione haya. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Swali la yule mama lilitusaidia kuliko taarifa yetu yote. Ila tuangalie mpaka: kuuliza si kuingilia. Mdhamini amwulize mwalimu watoto wamefanya nini. Asimnyang'anye chaki mkononi. Chombo chenye manahodha wengi huenda mrama.

Nne, kiti cha uongozi ni cha kupokezana. Watu wote wa mwaka 1799 wamekufa, na kazi yao ipo. Kiongozi asiyemfundisha mrithi wake amejenga kazi itakayozikwa pamoja naye.

Kwa sababu hizo, Halmashauri yaleta mbele yenu mashauri haya. Kwamba wachaguliwe wadhamini saba kwa muda wa miaka mitatu, na kati yao wawepo mwalimu mmoja wa sayansi, mtu mmoja ajuaye hesabu, na vijana wawili wasiozidi umri wa miaka 30. Kwamba kila taarifa ya Mfuko ianze na idadi ya watoto waliofundishwa, ndipo zifuate fedha zilizotumika. Kwamba fedha zilizopo sasa zitumike kwanza kumlipa mwalimu wa Jumamosi, katika chumba tulicho nacho, kwa vyombo vile vile vilivyokaa kabatini. Na kwamba hati ya kiwanja isiwekwe rehani. Ikiwa baada ya miaka mitatu chumba kitakuwa kidogo kwa wingi wa watoto, hapo tutajenga kwa michango yetu, hatua kwa hatua, nasi tutajua kwa hakika twajenga kwa ajili ya nani.

Twafahamu kwamba baadhi yenu watahuzunika, hasa vijana walioleta shauri la mkopo kwa nia njema. Twawaambia kwa upendo: hatukulikataa Jumba, tumelikataa deni. Kiwanja kile kilinunuliwa kwa senti za watu ambao wengi wao hawamo tena miongoni mwetu. Hawakutuachia ili tukibahatishe. Wale vijana tungependa kuona majina yao katika orodha ya watakaochaguliwa leo, kwani mwenye hamu ya kazi ndiye anayefaa kukabidhiwa kazi.

Jumamosi iliyopita tulifungua kabati lile, tukaitoa hadubini ya kwanza, tukaiweka mezani karibu na dirisha. Binti mmoja akaweka chini yake bawa la nzi, akatazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akamwita mwenzake aje aone. Hapo tulihesabu watoto wawili. Yule mama aliyeuliza yumo humu mkutanini leo. Naye akiuliza tena, sasa tunayo idadi ya kuanzia.

Uamuzi ni wenu.