Msafara Usimwache Mtu Njiani

(Hotuba ya Katibu Mwenezi wa tawi mbele ya wanachama na wananchi, Tabora)



Leo sikuja kuuza kadi. Nimekuja kusema juu ya jirani aliyebomokewa na nyumba, na juu ya deni tulilo nalo kwake.

Mnaukumbuka usiku wa tarehe 3 Machi, 2015. Kule Mwakata, Wilaya ya Kahama, nchi ambayo zamani ilikuwa pamoja nasi katika Jimbo la Magharibi, ilinyesha mvua ya mawe yenye upepo mkali. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi kwa kuangukiwa na kuta za nyumba zao wenyewe. Mazao yalipondwa shambani na mifugo ikafa.

Habari ilipoenea, watu wa kila upande walichanga unga, nguo, blanketi na fedha. Rais wa wakati ule, Ndugu Jakaya Kikwete, alifika mwenyewe kuwapa pole. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Nilitoa shati moja, na kwa shati lile nikajiona nimemaliza kazi. Leo naona haya. Shati si ukuta.

Ndugu zangu, mji wetu ni njia panda ya misafara. Babu zetu walibeba pembe mpaka Bagamoyo, nasi twajivunia. Lakini tuseme kweli yote: mara nyingi mpagazi akiugua njiani, mzigo wake uligawiwa wenzake, naye akaachwa. Mzigo ulifika pwani, mtu hakufika. Misaada nayo yaweza kwenda hivyo hivyo. Magari huja, hotuba hutolewa, picha hupigwa, kisha kila mtu hurudi kwake, na mjane huikuta mvua ya mwaka wa pili akiwa bado analala kwa watu.

Tazameni Kagera. Tarehe 10 Septemba, 2016 tetemeko la ardhi liliua watu 17, likabomoa na kutia nyufa maelfu ya nyumba. Michango ilikusanywa. Lakini Januari 2017 Serikali ilitamka kwamba haitawajengea watu nyumba. Kila mmoja ajijengee yake. Wako walioridhika, wako walionung'unika. Mimi nauliza neno moja tu: yule asiye na nguvu, ajengewe na nani? Jibu halipo mbali. Ni sisi.

Na tusingoje maafa. Tofali bichi likilowa hurudi kuwa tope. Ukuta usio na msingi wa mawe hunywa maji kutoka chini, na paa lenye upenu mfupi huacha mvua iupige kutwa. Dawa yake twaijua: msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi, upenu mpana, mfereji wa kupitisha maji, na tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo, likashindiliwa vizuri. Hivyo hatutamaliza miti yetu kwa kuchoma matofali. Saruji tutachanga, mawe, mafundi na mikono tunayo.

Hapa Unyamwezini watu huitana tangu zamani kulima shamba la mmoja, leo kwako, kesho kwangu. Basi desturi ya jembe tuitie katika ujenzi. Natoa rai tatu.

Kwanza, kila tawi liandike katika daftari nyumba za wajane, wazee na yatima zilizo dhaifu, kabla mvua hazijaanza.

Pili, tutoe siku moja ya kazi kila mwezi, mpaka daftari lile liishe.

Tatu, kila senti na kila debe la mahindi liandikwe, na hesabu isomwe mbele ya wote, hata mtoto aisikie. Mchango usiosomewa hesabu huua moyo wa mtoaji.

Tena tusimwulize mtu kadi. Mvua ya mawe haikuchagua paa la mwanachama, nasi tusichague.

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Jumamosi hii tutaanza kwa bibi mmoja, jirani wa tawi letu, ambaye ukuta wake wa nyuma umeinama. Mimi nitakuja na sepetu. Mwenye jembe alete jembe, mwenye ndoo alete ndoo, na asiye na kitu alete mikono yake.

Umoja ni nguvu.