Taka za Nanasi: Mavuno ya Pili Yanayoozea Shambani

Nakala ya mazungumzo kwa wakulima, wachuuzi na wafugaji wa Magarini na Malindi, Kaunti ya Kilifi



Mkulima wa Magarini akipanda nanasi leo, atasubiri takriban miezi 18 kabla ya kuvuna tunda la kwanza. Msimu ukifika, mashamba mengi hukomaa kwa pamoja, bei hushuka, na dalali ndiye anayepanga. Tunda likifika sokoni humenywa. Ganda, kiini na shungi la juu, ambavyo kwa pamoja vinaweza kukaribia nusu ya uzito wake, hutupwa. Shambani nako hubaki majani, ambayo huchomwa au kuachwa yaoze. Mkulima huyo basi amelipwa sehemu tu ya kile alichokikuza kwa mwaka mmoja na nusu.

Hasara haiishii mfukoni. Ganda lina sukari na maji mengi, na kwa joto la Pwani huanza kuchacha katika muda wa siku moja. Kinachofuata ni nzi, harufu na maji machafu mtaroni. Huko Costa Rica, nchi inayoongoza kwa kuuza mananasi mabichi ng'ambo, mabaki yaliyoachwa yaoze mashambani yamekuwa mazalio ya nzi wanaouma na kufyonza damu ya ng'ombe. Mifugo ya majirani hukonda na maziwa hupungua. Uchafu wa mkulima mmoja umekuwa hasara ya mfugaji wa jirani.

Jambo la kwanza la kuzingatia, kwa hivyo, ni wakati. Ganda la leo ni lishe. Ganda la kesho kutwa ni taka. La pili ni kutenganisha. Ganda lililochanganyika na karatasi za plastiki, vijiti na chupa halifai ng'ombe wala shamba. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Mchuuzi anayeweka ndoo mbili kando ya meza yake anatii sheria, na papo hapo anamwekea mfugaji bidhaa.

Wafugaji wa Kilifi hawajasahau ukame wa 2021 na 2022. Maganda ya msimu wa mavuno yanaweza kuhifadhiwa kama sileji ya kiangazi. Zaidi ya sehemu nane kwa kumi za ganda bichi ni maji, kwa hivyo haliwekwi peke yake. Hukatwakatwa, likachanganywa na mabua makavu ya mahindi au nyasi kavu, likashindiliwa ndani ya pipa hadi hewa itoke, kisha pipa likafunikwa kabisa. Baada ya wiki tatu hivi huwa tayari, na likibaki limefungwa vizuri hukaa miezi. Ng'ombe huanzishiwa kidogo kidogo, kwa sababu lishe yenye sukari na uchachu ikizidi huvuruga tumbo lake. Tena ganda la nanasi lina protini kidogo, hivyo mfugaji aongeze majani ya jamii ya kunde, kama vile lukina. Maganda yatoke shamba ambalo siku za kusubiri baada ya kupulizia dawa, kama zilivyoandikwa kwenye kibandiko, zimekwisha.

Asiye na mifugo ana shamba. Maganda yakichanganywa na majani makavu na samadi, yakapinduliwa kila baada ya wiki moja au mbili na kuwekwa unyevu wa kiasi, huwa mboji baada ya miezi michache. Rundo linalonuka lina maji mengi na limekosa hewa. Dawa yake ni kuongeza majani makavu na kulipindua. Shungi lenye afya nalo lisitupwe, kwa kuwa likipandwa hutoa mche mpya, ingawa huchelewa kuzaa kuliko chipukizi la shina.

Jikoni, maganda safi yaliyolowekwa kwa maji na sukari huchacha, na yakiendelea kupata hewa chini ya kitambaa safi, hugeuka siki baada ya wiki kadhaa. Kiini nacho kina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ndicho kinachowasha ulimi wa mlaji. Kikipondwa na kupakwa kwenye nyama ngumu kwa muda mfupi, huilainisha kabla ya kupikwa. Ya nyumbani ni ya nyumbani: anayetaka kuuza siki dukani sharti kwanza amwone afisa wa afya ya umma na apate alama ya ubora ya KEBS.

Yapo pia majani. Wakazi wa Kilifi wanaoujua mkonge wa Vipingo hawahitaji maelezo marefu, kwani jani la nanasi lina nyuzi, na hutolewa kwa mashine inayoparua nyama ya jani kama ile ya mkonge. Nyuzi huoshwa na kuanikwa. Nchini Ufilipino, wafumaji wa Aklan wamezifuma vitambaa vya fahari kwa vizazi vingi, na mwaka 2023 UNESCO iliutambua ufundi huo kuwa urithi wa dunia usioshikika. Nyuzi hizo hizo hutumika pia kutengeneza kitu kinachokaa badala ya ngozi kwa viatu na mikoba. Huku nchini, eneo la Thika, majani yaliyokuwa yakiachwa shambani yameanza kutolewa nyuzi.

Hata hivyo, asidanganywe mtu kwamba nyuzi ni utajiri wa haraka. Katika kila kilo 100 za majani mabichi hupatikana kilo 2 au 3 tu za nyuzi. Mkulima mmoja mwenye ekari moja hawezi kulisha mashine. Hiyo ni kazi ya kikundi au chama cha ushirika, na mnunuzi atafutwe kabla ya mashine kununuliwa. Masalio ya majani nayo yarudi shambani, la sivyo udongo utauzwa pamoja na nyuzi.

Kwa hiyo mwanzo mwema ni ule usiohitaji mkopo. Mchuuzi atenge ndoo ya maganda. Mfugaji apatane naye siku na saa ya kuyachukua, yakiwa bado mabichi. Mkulima achimbe shimo la mboji kabla ya msimu, wala si baada ya matunda kuoza. Vikundi vinavyofikiria siki au nyuzi vimwone afisa wa kilimo wa wadi, vipige hesabu ya gharama na soko, ndipo vichangishe fedha.

Msimu ujao dalali atakuja tena na bei yake. Mkulima ambaye ng'ombe wake wana lishe na shamba lake lina mboji atakuwa na nafasi ya kumwambia: bei hiyo haifai.