Mkopo wa Nyumba kwa Mtumishi wa Serikali: Tuijue Riba Kabla ya Kutia Sahihi

Ninyi mnaolisoma somo hili katika kijitabu mna bahati kuliko wanaosikiliza, kwa kuwa mwaweza kuzirudia hesabu mara mbili au tatu. Yafaa kila mmoja awe na karatasi na kalamu. Walio katika kikundi wamchague mmoja awe mwandishi wao.

Leo tutazungumza juu ya mkopo wa nyumba wenye riba nafuu, ule ambao serikali huwawekea watumishi wake, na ambao nchi nyingine huwawekea askari waliorudi vitani. Wengi wetu tukisikia neno "nafuu" huridhika, tukatia sahihi siku hiyo hiyo. Lakini nyumba hulipwa kwa miaka kumi au ishirini, na sahihi ni ya dakika moja. Basi tutajifunza mambo matatu: kwa nini riba hiyo huwa ndogo, udogo wake ni kiasi gani kwa shilingi, na ni mambo gani yawezayo kuila faida yake yote.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Riba ni malipo unayotoa kwa kutumia fedha za mwingine. Salio ni sehemu ya deni iliyobaki baada ya kulipa. Rehani ni mali unayoiweka mikononi mwa mkopeshaji, naye akawa na haki ya kuiuza ukishindwa kulipa. Katika mkopo wa nyumba, rehani ni nyumba yenyewe.

KWA NINI RIBA HUWA NDOGO

Benki hutoza riba kwa sababu mbili kubwa. Kwanza, nayo imezipata fedha hizo kwa gharama. Pili, inaogopa kutolipwa. Serikali ikitaka kumsaidia mkopaji yaweza kufanya moja kati ya mambo mawili: kuiondolea benki hofu, au kutoa fedha zake yenyewe.

Njia ya kwanza ilitumiwa Marekani. Tarehe 22 Juni 1944, Rais Franklin D. Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwasaidia askari watakaorudi kutoka Vita Kuu ya Pili. Serikali haikuwapa askari fedha za nyumba mkononi. Iliiambia benki: "Mkopeshe huyu. Akishindwa, sisi tutakulipa nusu ya mkopo, isipozidi dola 2,000." Riba haikuruhusiwa kupita asilimia 4 kwa mwaka. Hadi mwaka 1952, mikopo ya nyumba karibu milioni 2 na laki 4 ilikuwa imetolewa kwa dhamana hiyo.

Lakini angalieni jambo moja. Uamuzi wa nani akopeshwe ulibaki kwa mwenye benki, na wenye benki wengi waliwakataa askari weusi. Katika miji 13 ya jimbo la Mississippi, mwaka 1947, mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba ilipewa dhamana hiyo. Iliyowafikia askari weusi ilikuwa miwili tu. Hapa kwetu Kenya wazee wanakumbuka jambo lililofanana na hilo. Askari wa King's African Rifles waliopigana Burma walirudi makwao bila mpango wa namna hiyo, hali askari Wazungu walisaidiwa kwa mashamba na mikopo katika nyanda za juu. Tunajifunza nini? Kwamba haitoshi kuuliza riba ni kiasi gani. Ni lazima pia kuuliza ni nani ashikaye ufunguo wa mlango, na anaufungua kwa kanuni gani.

Njia ya pili, ya serikali kutoa fedha zake, ndiyo iliyofuatwa Kenya. Mwaka 2004 serikali ilianzisha kwa sheria Mfuko wa Nyumba wa Watumishi wa Serikali, ili mtumishi aweze kukopa anunue nyumba au ajenge. Mfuko huo umejulikana kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Mpango huo hauwahusu wafanyakazi wote wa umma. Mwalimu, askari, au mtumishi wa kaunti na amwulize mwajiri wake kuna mpango gani kwa ajili yake.

UDOGO WAKE KWA SHILINGI

Sasa shikeni kalamu. Tuseme yupo karani wa serikali anayekopa shilingi 1,000,000 kwa miaka 20, na riba inahesabiwa kila mwezi juu ya salio.

Kwa riba ya asilimia 5, atalipa karibu shilingi 6,600 kila mwezi. Miaka 20 ikitimia, atakuwa amelipa jumla ya karibu shilingi 1,584,000.

Mwenzake amekopa kiasi hicho hicho, kwa miaka hiyo hiyo, lakini kwa asilimia 13. Yeye atalipa karibu shilingi 11,700 kila mwezi, na jumla yake ni karibu shilingi 2,812,000.

Toeni ndogo katika kubwa. Tofauti ni karibu shilingi 1,228,000. Tofauti hiyo peke yake ni kubwa kuliko mkopo wenyewe! Huyu wa pili amelipa gharama ya nyumba nyingine nzima, wala nyumba hiyo haionekani popote.

Kwa nini iwe hivyo? Tazameni malipo ya mwezi wa kwanza. Katika shilingi 6,600 za karani wetu, riba huchukua 4,167, na zaidi ya 2,400 hupunguza deni. Katika shilingi 11,700 za mwenzake, riba huchukua 10,833, na kinachopunguza deni hakifiki 900. Yeye analipa kwa jasho, na deni linasimama pale pale kama maji ya bwawa.

MAMBO YALAYO FAIDA

La kwanza ni namna ya kuihesabu riba. Wapo wakopeshaji wanaotangaza asilimia 5, lakini huihesabu juu ya mkopo wa mwanzo mpaka siku ya mwisho, hata kama umekwisha kulipa nusu yake. Kwa milioni 1, riba itakuwa shilingi 50,000 kila mwaka, na kwa miaka 20 itafika shilingi 1,000,000. Malipo ya mwezi yanakuwa karibu shilingi 8,300 badala ya 6,600. Asilimia ni ile ile, deni si lile lile. Kwa hiyo uliza hivi: "Je, riba hii ni juu ya salio linalopungua, au ni juu ya mkopo wote?" Uombe jibu kwa maandishi.

La pili ni umri. Malipo hukatwa katika mshahara, na mtumishi wa serikali kwa kawaida hustaafu akiwa na miaka 60. Aliye na miaka 40 ana miaka 20 ya kulipa. Aliye na miaka 50 ana 10 tu, na kwa mkopo ule ule wa milioni 1 kwa asilimia 5 atalipa karibu shilingi 10,600 kila mwezi. Anayengoja mpaka uzee ukaribie anaipoteza faida ya riba ndogo kwa kukosa muda.

La tatu ni makato mengine. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza makato yote pamoja kupita theluthi mbili za mshahara. Mwenye mshahara wa shilingi 45,000 ni lazima abaki na 15,000 mkononi. Ikiwa mikopo ya chama cha ushirika na ya duka imekwisha kula nafasi hiyo, mkopo wa nyumba hautapita, hata uwe nafuu namna gani. Safisha madeni madogo kwanza.

La nne ni gharama zisizotangazwa: ada ya wakili, ya mthamini, ushuru wa stempu, na bima. Usiichukie bima ya maisha ya mkopaji. Ndiyo inayolipa salio mkopaji akifa, ili wajane na yatima wasitolewe nyumbani. Soma tu masharti yake ujue inalipa wakati gani.

La tano ni jambo la nyumbani. Mume asiweke nyumba ya familia rehani kwa siri, wala mke vivyo hivyo. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inataka idhini ya wote wawili, iliyoandikwa, na kila mmoja awe ameelewa anachokubali. Bibi, usiweke sahihi kwa kuambiwa tu "weka hapa." Uliza: ni kiasi gani, ni miaka mingapi, na hatimiliki itaandikwa jina la nani?

Na ukishindwa kulipa? Usijifiche. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2012, malipo yakikosekana kwa mwezi mmoja mkopeshaji aweza kukupa taarifa, na muda wa kulipa usipungue miezi 3. Usipolipa, ni lazima akupe taarifa nyingine ya siku 40 kabla ya kuiuza nyumba. Muda huo ni wa kwenda kuzungumza naye, si wa kulala. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini mwenye kuhesabu mapema hapati matanga.

Neno la mwisho. Fedha za mfuko wa namna hii huzunguka. Shilingi unayorudisha leo ndiyo atakayojengea mtumishi mwingine kesho. Anayechukua mkopo wa nyumba akanunua gari amejinyima nyumba, na mwenzake amemziba njia.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kopeni kwa karatasi shilingi 600,000 kwa asilimia 5 juu ya salio. Riba ya mwezi wa kwanza ni kiasi gani? (Zidisheni kwa 5, gawanyeni kwa 100, kisha kwa 12.)

2. Kila mmoja achukue hati yake ya mshahara. Je, baada ya makato ya sasa, kumebaki nafasi kabla ya kufika theluthi mbili?

3. Katika kijiji au mtaa wenu, ni akina nani wasiofikiwa na mikopo nafuu, na ni kanuni gani inayowazuia?

Andikeni majibu yenu, myajadili, na msiyafute. Mali bila daftari huisha bila habari.