Picha Thelathini na Sita: Tujifunze Kuona Watu Kabla ya Majengo
(Mazungumzo kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, Morogoro)



Tumeombwa tueleze zoezi letu dogo la kujifunza kupiga picha kwa kamera ya filamu. Sisi si mafundi, ndiyo kwanza tunaanza. Lakini tuliyojifunza yanahusu kazi yenu moja kwa moja.

Tulichagua Kilakala, chini ya Milima ya Uluguru. Shule hiyo ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Masista wa Maryknoll kutoka Marekani, ikaitwa Marian College. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilichukuliwa na Serikali, na leo ni Shule ya Sekondari ya Wasichana Kilakala. Mama Gertrude Mongella, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Beijing mwaka 1995, alisoma hapo. Wasichana walioanza nayo sasa ni mabibi wa miaka 80 hivi. Historia yao bado iko vichwani mwa watu, na watu hao wanapungua.

Filamu moja ina picha 36 tu. Kwa hiyo kila picha inahitaji sababu, kama vile kila shilingi ya mradi inavyohitaji maelezo. Tulikuwa na daftari: namba ya picha, saa, mahali, na jina la aliyepigwa baada ya kukubali.

Kanuni ya wanaoanza ni rahisi. Ukiwa na filamu ya 100 na jua kali, weka lenzi kwenye namba 16 na kasi ya sehemu moja ya 125 ya sekunde. Asubuhi, kabla mawingu hayajashuka kwenye kilele cha Lupanga, kanuni hiyo ilitosha kabisa kwa ukuta ulioelekea jua.

Kisha tukafanya jaribio. Mwalimu mmoja mstaafu alikubali kusimama kwenye kivuli cha baraza. Tulimpiga mara mbili. Picha ya kwanza tulipima mwanga wa ukuta wa nje: ukuta ukatoka safi, kila tofali likahesabika, lakini uso wa mwalimu ukawa giza. Ya pili tulipima mwanga wa uso wake, tukafungua lenzi hadi namba 5.6. Ukuta ukapauka, lakini mwalimu akaonekana, hadi mikunjo ya macho.

Ndugu zetu, hapo ndipo lilipo somo. Kamera haiwezi kuvipa vyote viwili haki sawa, ni lazima mtu achague. Taarifa zetu nyingi zimechagua ukuta. Tunawaonyesha wafadhili darasa jipya, bati jipya, kisima kipya, na watu wamesimama pembeni bila majina.

Filamu iliposafishwa tulimpelekea mwalimu nakala yake. Aliigeuza nyuma kwanza, akasoma jina lake. Kisha akaanza kutaja wenzake aliofundisha nao, mmoja mmoja, na nani alilala nyumba ipi. Tuliandika kurasa nne. Picha ya ukuta isingetupatia hata mstari mmoja.

Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuezua au kubomoa shule ya zamani, pigeni picha 36, na zaidi ya nusu ziwe za watu waliosoma, waliofundisha au waliojenga hapo. Simu inatosha, mradi mshike idadi hiyo na daftari. Pili, ombeni ruhusa. Kwa watoto, ombeni kwa wazazi na kwa uongozi wa shule. Tatu, andikeni majina nyuma ya picha kwa penseli, na negativu za zamani mzitoe kwenye stoo zenye unyevu na joto la bati, mziweke kwenye bahasha za karatasi mahali pakavu.

Nanyi wafadhili, mkipokea picha isiyo na jina, tuulizeni: huyu ni nani? Swali hilo litatusaidia kufanya kazi vizuri zaidi.