Mtu Si Samaki

Maneno ya mwalimu wa shule ya msingi katika maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika, Koboko



Kamati ilinipa kichwa cha maneno kisemacho "Kuporomoka kwa maadili ya vijana". Nimekipokea kwa heshima, ila naomba ruhusa nikigawe mara mbili. Sehemu ya kwanza ni mwenendo wa vijana wetu. Sehemu ya pili ni mwenendo wetu sisi wakubwa tunapouona mwenendo wao kwenye simu. Zamani kijana akikosea, kosa lake lilijulikana kwa wazazi, kwa mwalimu na kwa majirani watatu. Siku hizi anakosea jioni, na asubuhi anahukumiwa na watu wa Arua, Kampala na Juba ambao hawamjui hata jina la baba yake.

Ndugu zangu, tukumbuke kwanza kwa nini tumekusanyika tarehe hii. Tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliingia barabarani kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana. Serikali ya makaburu iliwaona kuwa ni wafanya fujo, na polisi wakawapiga risasi. Mpiga picha Sam Nzima akapiga picha ya mtoto Hector Pieterson akiwa amebebwa mikononi baada ya kupigwa risasi. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima, na dunia ikajua ukweli.

Basi sisemi kwamba picha ni mbaya. Hata video ya simu inaweza kumtetea mtoto. Mwaka 2016, katika shule ya sekondari ya Mbeya Day, Tanzania, walimu waliokuwa katika mafunzo walimpiga mwanafunzi mmoja kwa ngumi na mateke. Mtu akarekodi, video ikaenea, na serikali ikawachukulia hatua walimu wale. Bila ile video pengine yule kijana angeambiwa anyamaze.

Lakini tazameni yaliyotokea katika mkoa huohuo wa Mbeya miaka mitatu baadaye. Oktoba 2019, baada ya mabweni ya shule ya Kiwanja, wilayani Chunya, kuungua moto na wanafunzi kukutwa na simu, Mkuu wa Mkoa aliwachapa viboko wanafunzi 14 mbele ya watu na mbele ya kamera. Safari hii Rais mwenyewe alimpongeza mchapaji. Mkoa ni ule ule, na anayepigwa ni mwanafunzi yule yule wa sekondari. Katika video ya kwanza watu walimwona mtoto anayepigwa. Katika ya pili waliona wahuni wanaotiwa adabu. Kilichobadilika ni hadithi tuliyoambiwa kabla ya kutazama.

Ndiyo maana napendekeza kipimo kimoja, chepesi hata kwa asiyesoma. Video ikikufikia, jiulize: inamfichua nani? Ikiwa inamfichua mwenye nguvu anayemwonea mnyonge, kama ile ya Soweto, basi ipelekwe kwa mwenye mamlaka ya kuzuia uovu huo, na uso wa mtoto usitiriwe. Ikiwa inamfichua mnyonge ili wenye nguvu wapate cha kucheka, basi hiyo ni dhuluma hata kama kilichomo ndani ni kweli.

Nitaeleza jambo moja la hapa kwetu, bila jina la mtu wala la mtaa. Usiku wa matanga fulani, wasichana na wavulana wanne walicheza ngoma kwa namna ambayo wazee hawakuipenda. Mtu akarekodi nusu dakika. Kesho yake, saa nne asubuhi, video ilikuwa katika kila kibanda cha kuchajia simu. Jioni ikazungumzwa katika kipindi cha redio ambacho wasikilizaji hupiga simu na kutoa maoni. Mmoja akasema wasichana wale ni malaya. Mwingine akasema wakimbizi wote ndivyo walivyo. Mwingine akasema shule zifungwe tu. Hakuna aliyeuliza nusu dakika ile ilitanguliwa na nini. Kumbe wenye matanga ndio waliowaomba vijana wacheze, kwa kuwa marehemu alipenda ngoma. Msichana mmoja hakuja darasani kwa wiki mbili. Aliporudishwa na akina mama wa mtaa, alikaa dawati la mwisho, na akisikia simu ikilia dirishani anainamisha kichwa.

Je, walicheza vibaya? Huenda. Na wazazi wao walikuwa na haki ya kuwakanya. Lakini adhabu waliyoipata haikutolewa na mzazi wala mwalimu wala baraza. Tena haina siku ya kwisha. Fimbo ya baba huuma leo, kesho uchungu umekwisha. Video haina kesho, maana kila simu mpya inayoipokea inaanza upya kuchapa.

Mambo haya si ya kambi tu. Agosti 2015 nchini Kenya, polisi walilisimamisha basi lililobeba wanafunzi zaidi ya 40 waliofunga shule, likitoka Karatina kwenda Nairobi. Ilidaiwa kwamba mlikuwa na pombe, bangi na uasherati ndani yake. Kabla mahakama haijasikia neno, televisheni na magazeti yalikuwa yamekwisha kuhukumu. Taifa zima lilijadili miili ya wanafunzi. Waliojadili mtu mzima aliyewauzia pombe walikuwa wachache.

Hapa Uganda, Februari 2014 ilitiwa sahihi sheria ya kupinga picha za ngono. Vyombo vya habari na wanasiasa wakaizungumza kana kwamba ni sheria ya sketi fupi, ingawa sketi fupi haikutajwa ndani yake. Wanaume wa mitaani wakaanza kuwavua wanawake nguo hadharani kwa kisingizio cha kulinda maadili, hata polisi wakalazimika kuwaonya. Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vikuu vya sheria hiyo Agosti 2021. Lakini mwanamke aliyevuliwa nguo mwaka 2014 hakuna mahakama iliyomrudishia siku ile. Hasira ya umati haisomi vifungu.

Nao ndugu zetu waliokwenda kuanza maisha Australia wanatuambia yaleyale. Januari 2018, waziri mmoja wa nchi hiyo, Peter Dutton, alisema redioni kwamba watu wa mji wa Melbourne wanaogopa kwenda mikahawani usiku kwa sababu ya magenge ya Waafrika. Wapo vijana waliokosa, na tuseme kweli, idadi yao ilizidi fungu lao katika watu wa jimbo lile. Hata hivyo, takwimu za jimbo zilionyesha kwamba katika wakosaji 100, aliyezaliwa Sudan alikuwa kama mmoja. Wale 99 hawakupewa jina la kabila wala bara. Vijana wa Kiafrika walijibu kwa kutuma picha zao mtandaoni wakiwa kazini, vyuoni na majumbani, kuonyesha kwamba nao ni watu.

Kuna methali tunayopenda kuitumia barazani: samaki mmoja akioza, huoza wote. Naiheshimu, imetufunza kuchagua marafiki. Lakini tusiigeuze kuwa sheria ya kuhukumia watu. Mtu si samaki. Samaki akioza hawezi kurudi kuwa mbichi, lakini mtoto aliyeharibika anaweza kutengenezeka. Na aliye karibu naye hana harufu yake ila tukimpaka sisi.

Ndugu zetu wenyeji wa West Nile wanalijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Idi Amin alipoangushwa Aprili 1979, watu wa Koboko na Arua walihukumiwa wote kwa ajili ya mmoja. Mkulima ambaye hajawahi kushika bunduki aliulizwa lugha yake, na jibu likawa kosa lake. Mwaka 1980 maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua mjini, waliuawa na askari wa serikali. Babu zetu ng'ambo ya mpaka waliwapokea waliokimbia bila kuwauliza ni ya nani dhambi hii. Leo wenyeji wametupokea sisi kwa desturi ileile. Basi mtu akisema redioni "wakimbizi wote ndivyo walivyo", au mkimbizi akisema "wenyeji wote ndivyo walivyo", wote wawili wameisahau historia ya udongo wanaoukanyaga.

Na hatari yake si aibu peke yake. Septemba 2020, upande wa Rhino Camp, ugomvi ulioanzia mahali pa kuchotea maji ukageuka kuwa vita kati ya wakimbizi na wenyeji, na wakimbizi kumi wakauawa. Katika mahali kama hapa petu, neno "wote" ni kiberiti. Anayesambaza video ya vijana wanaopigana, na maandishi chini yake "tazameni hawa watu", anakiwasha hata kama yeye amekaa kivulini anakunywa chai.

Sasa nirudi kwenye sehemu ya kwanza, msije mkasema mwalimu ametetea utovu wa adabu. Vijana wetu wanakosea. Wako wanaovuta bangi, wako wanaopigana, wako wanaorekodi wenzao wakioga kisimani, na hilo la mwisho ni uovu mkubwa. Lakini tukumbuke pia wametoka wapi. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili! Aliyekuwa na umri wa miaka kumi akarudi ana kumi na mbili, na katika muda huo aliyemlea ni njia ya sokoni. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa siku hizi unaingia mfukoni.

Tena ngoma hiyohiyo tunayoilaani imewalisha wengine. Watoto wa Triplets Ghetto Kids wa Kampala walijulikana mwaka 2014 kwa video ya kucheza wimbo wa Eddy Kenzo uitwao Sitya Loss. Mwaka 2023 walicheza katika shindano kubwa la televisheni Uingereza na kufika fainali. Aliyewakusanya, Dauda Kavuma, alikuwa mwalimu wa hesabu. Watoto wa mtaani walicheza mbele ya simu, na mtu mzima mmoja akaona kipaji ambapo wengine wangeona uhuni.

Sheria nayo haiko kimya. Sheria ya Watoto ya Uganda inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Aliyezidi umri huo akifikishwa kwenye mahakama ya watoto, ni marufuku kutangaza habari zitakazomtambulisha bila idhini ya mahakama. Tena marekebisho ya sheria ya kompyuta yaliyotiwa sahihi Oktoba 2022 yaliweka adhabu kwa anayesambaza habari za mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Nchi imekubali kwamba hata mtoto aliyevunja sheria asitiriwe uso. Itakuwaje aliyecheza ngoma tu aanikwe?

Kwa hiyo naiomba kamati mambo matano.

Kwanza, video ya mtoto ikifika kwako, iishie kwako. Usiitume, hata kwa kusema "tazameni, jamani, inasikitisha". Masikitiko hayo nayo ni kusambaza.

Pili, ikiwa ndani yake kuna jinai, kama kupigwa au kubakwa, mwone mwenyekiti, afisa wa ulinzi wa watoto au polisi siku hiyohiyo. Mwonyeshe yeye peke yake.

Tatu, kosa la mtoto lisikilizwe na wazazi wake na mwalimu wake wakiwa wamekaa, naye mtoto akiwa na ruhusa ya kusema. Samaki hukunjwa angali mbichi, ndiyo, lakini anakunjwa na mikono inayomjua.

Nne, watangazaji wa redio waombwe wasipokee simu za kumjadili mtoto anayetambulika, wala wasitaje kabila lake au ukimbizi wake pale ambapo hauhusiki.

Tano, na hili ni la wageni wetu wa mashirika, kwa heshima zote. Nanyi mnapiga picha. Mtoto mwenye kamasi na nguo iliyochanika anaingia katika ripoti na kalenda. Muulizeni mama yake kwa lugha anayoielewa, na akikataa, asipungukiwe kitu.

Neno la mwisho ni lenu, vijana wa chini ya mwembe. Hakuna mzee wa hapa anayewarekodi wenzenu kisimani. Video nyingi za kuwaumbua vijana hupigwa na vijana. Anayecheka leo akiwa nyuma ya simu, kesho atakuwa mbele yake. Mwenzako akikosea, mshike mkono umwondoe hapo, simu ibaki mfukoni. Na wewe uliyekwisha kuanikwa, njoo shule. Dawati lako lipo, na mlangoni hakuna mtu atakayekuuliza kitu.